Maneno Ishirini na Manne Tuliyoyasoma kwa Sauti

Mara ya kwanza maneno yetu yalisomwa kwa sauti, na aliyeyachapa ni mimi. Naanza hapo ili nisionekane nawatupia wengine matope huku mikono yangu nimeificha chini ya leso.

Sisi ni wanawake wa gugumaji. Yale majani yanayofunika ziwa na kufunga njia za mashua, sisi tunayavuta ufuoni, tunakata mashina, tunayakausha, tunayasuka yawe viti na vikapu. Banda letu liko upande wa Dunga, nje kidogo ya Kisumu mjini. Miaka mingi tuliuza kando ya barabara kwa watu wanaopita na kusema watarudi. Halafu akaja mgeni mmoja kutoka ng'ambo, akakalia kiti chetu katika hoteli ya mjini, akakipindua akatazama chini yake namna mafundo yalivyofungwa, kisha akatutafuta mpaka akatupata. Alitaka viti vingi. Na alitaka kulipa kwa sarafu za kidijitali, kwa sababu alisema pesa yake ikipitia benki inakawia majuma, na kila mkono unaoishika unamega kidogo.

Ili uelewe tulivyoibiwa, lazima kwanza uelewe sanduku letu. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa wanawake watatu, na hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Linafunguliwa tukiwa tumekaa wote. Kinachoingia kinatajwa kwa sauti, kinachotoka kinatajwa kwa sauti, na sisi tunajibu, "Tumesikia." Kwetu, jambo likifanywa kimya ni kama limeibwa tayari. Sanduku hilo limetulinda na waume, na mashemeji, na sisi wenyewe. Halikuwahi kutuangusha hata siku moja.

Basi mnunuzi alipotutumia kile kifaa cha kuhifadhia sarafu, kidogo kama flashi, chenye kioo na vitufe viwili, sisi tulikifanya kama sanduku. Kifaa kikaonyesha maneno ishirini na manne ya Kiingereza, tukayaandika kwenye daftari la mikutano. Hayo maneno ndiyo mzizi wa kila kitu. Kifaa kikipotea au kikianguka ziwani, mwenye maneno anazipata sarafu zote akiwa popote. Hilo tuliambiwa. Jambo ambalo hatukuambiwa ni kwamba mwenye maneno anaweza kuwa mtu yeyote.

Tukaenda kwa mwenye saiba, mwanamume mwenye ndevu ambaye duka lake la intaneti na kuchapa karatasi liko karibu na stendi, atuwekee programu ya kuendeshea kile kifaa. Huyu ni wa kwanza katika walionikosea, na akisoma hapa atajijua. Aliandika jina la programu hiyo kwenye sehemu ya kutafutia, akabonyeza ile iliyokuja juu kabisa. Iliyokuwa juu ilikuwa tangazo lililolipiwa na wezi. Programu ikafunguka, rangi nzuri, ikatuomba tujaze yale maneno. Yeye simu yake ikalia, akatoka nje akisema, "Mathe, jaza tu hizo maneno, ikimaliza uniite."

Wa pili ni mwenyekiti wetu, kwa haraka yake. "Chapa, chapa, mvua iko juu ya milima ya Nandi tayari, na mashina yako nje!" Wa tatu ni katibu, ambaye alisimama na daftari na kuyasoma kama anavyosoma kumbukumbu za mkutano.

"Neno la kwanza!" Akalitaja.

"Tumesikia!"

"Neno la pili!"

"Tumesikia!"

Wateja wa saiba walikuwa wanatutazama wakidhani ni maombi. Nami nikachapa kwa kidole kimoja mpaka la mwisho. Mpaka leo mama mkubwa wetu, mzee kuliko sisi sote, ambaye ana meno sita na kumbukumbu ya tembo, anaweza kuyakariri yote kama wimbo wa kanisani.

Malipo ya viti yalipoingia, yalikaa muda wa mtu kukaanga samaki mmoja. Kisha hayakuwepo.

Sitaeleza sana yaliyofuata. Askari wa zamu aliniuliza kama hizo pesa nilishawahi kuzishika kwa mkono, nikasema hapana, akafunga kitabu. Tulikuwa kumi na wawili, tukabaki tisa. Zile pesa zilikuwa za kujenga banda la kukaushia, lenye paa la mabati, kwa sababu shina la gugumaji likinyeshewa linaota ukungu mweusi na kiti kizima kinanuka. Mwaka ule tulitupa mashina mengi kuliko tuliyosuka. Na kwa kuwa vidole vilivyochapa ni vyangu, kulikuwa na midomo sokoni iliyosema mimi na mwenye saiba tuligawana. Hata katibu, yeye aliyesoma kwa sauti, aliacha kunisalimia. Nilisuka mwaka mzima nikiwa nimegeukia ukuta.

Niliishia darasa la saba. Lakini mtu aliyeibiwa anasoma haraka kuliko mtu aliyelipiwa karo, hilo nimeliona.

Kule Bondo kuna mwanamke wa rika langu, ndugu wa shemeji yangu, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara ya kompyuta za chuo. Nilimwendea na hasira yangu yote. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa, kisha akaniita nyaminwa, yaani dada yangu, akaniuliza:

"Nani alikuonyesha hayo maneno?"

"Kile kifaa."

"Na nani aliyaomba?"

"Kompyuta."

"Basi umejijibu. Kifaa kinakuonyesha wewe peke yako, kwa kioo chake. Kompyuta ikikuomba maneno, hiyo ni mwizi amevaa suti."

Aliniuzia kompyuta kuukuu iliyokwanguka pembeni, akaiwekea mfumo unaoitwa Linux, ambao ni wa bure na wa wazi. Watu wengi duniani wanauandika kwa pamoja, na yeyote mwenye akili hiyo anaweza kuufungua aone ulivyotengenezwa. Nilimwambia, "Kama kiti chetu. Ukikipindua unaona kila fundo." Akafurahi, lakini akanikata palepale. "Wazi si kusema salama, nyaminwa. Hata mwizi anaweza kusuka kiti kibovu akakiita cha kwenu. Utajuaje ni chenu?"

"Nitajua mkono wa aliyekisuka."

"Sasa ndio tunaanza kusoma," akasema.

Jumamosi tatu nilienda Bondo. Alinifundisha kwamba mtengenezaji wa programu anaweka saini yake kwenye faili, si ya wino, ni ya hesabu, na kompyuta inaweza kupima saini hiyo. Faili likiguswa hata kwa herufi moja, saini inakataa. Ili kupima unahitaji ufunguo wa wazi wa mtengenezaji, na ili ujue ufunguo ni wake kweli, unalinganisha alama zake za kidole, herufi na tarakimu arobaini zilizopangwa nne nne. Yeye alikuwa amezitafuta sehemu mbili tofauti, zikalingana, akanichapishia kwenye karatasi. Niliitia ndani ya jalada la Biblia yangu. Jumamosi ya kwanza sikuelewa kitu, nikalia kwenye choo chake. Jumamosi ya tatu nilifanya mwenyewe, na yeye akiwa ameketi juu ya mikono yake asije akanisaidia.

Halafu mnunuzi akarudi. Mimi nilidhani hatatutaka tena. Alitaka viti zaidi kuliko mara ya kwanza, na akasema atatuma malipo ya mwanzo Alhamisi, tukimpa anwani ya kupokelea. Tusipompa, kuna kikundi kingine kilicho tayari. Nikapeleka habari mkutanoni. Kila mmoja alijua kwamba zikiibwa tena hakuna kikundi, hakuna banda, na kila mtu atarudi kwa mume wake akiwa na mikono mitupu. Nikasema, "Nitaweka mimi."

"Wewe tena?" akasema katibu.

"Mimi tena."

Jumanne asubuhi niliweka kompyuta juu ya meza ya gugumaji katikati ya banda. Mwenyekiti, bila kuniuliza, alikuwa amemwita mwenye saiba. Akaja na ndevu zake na flashi inaning'inia kidoleni.

"Mathe, usisumbuke na bando. Hiyo programu nimekudaunilodia, iko hapa, original."

Wenzangu wakanitazama. Bando la intaneti ni pesa, na mtu amekuja na kitu bure. Ningemfukuza, wangesema ni kiburi. Nikasema, "Lete. Nipime."

"Upime nini? Ni unga?"

"Lete tu, baba."

Nikanakili faili lake, nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikachapa kama nilivyofunzwa. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwa herufi kubwa kwamba saini ni mbaya.

Mwenyekiti akainama. "Inasema nini?"

"Inasema hii si ile aliyotengeneza mwenyewe. Imeguswa, ama imekatika njiani."

"Ni kompyuta yako mzee hiyo," akasema mwenye saiba, "na hiyo Linux ni ya wazimu."

Sikusema yeye ni mwizi, na hata leo sisemi. Huenda faili lilikatika mtandao ulipolegea. Huenda alibonyeza tena ile ya juu kabisa. Ninachosema ni kwamba mara mbili mtu huyu alituletea kitu ambacho hakujua kimetoka wapi, na mara mbili alisema ni original. Nililifuta faili lake mbele ya macho yake. Akabaki ameegemea nguzo, nadhani alitaka kuniona nikishindwa.

Nikanunua bando. Nikachapa anwani ya mtengenezaji herufi kwa herufi kutoka kwenye karatasi ya Bondo, bila kutafuta popote, nikashusha programu na saini yake. Nikapima. Safari hii ikasema saini ni nzuri, lakini chini yake ikaweka onyo kwamba hakuna anayethibitisha ufunguo ni wa nani.

"Ona! Ona onyo!" akapiga kelele mwenyekiti.

"Nimeliona, mama. Hilo onyo ndilo kazi yako." Nikatoa karatasi kwenye Biblia, nikampa. "Soma hizo nne nne, kwa sauti. Mimi nafuata hapa kwenye kompyuta."

Akavaa miwani. Akasoma nne za kwanza, nikaangalia. "Tumesikia!" wakasema wenzangu, na mimi mwenyewe nikacheka, kwa sababu safari hii ilikuwa halali. Makundi kumi, yote sawa. Kisha nikabonyeza lile faili, nikafungua sifa zake, nikaliruhusu kuendeshwa, likafunguka.

Nikachomeka kifaa. Programu ikasema haikioni.

"Fungua kama root," akasema mwenye saiba kutoka kwenye nguzo yake. "Andika neno sudo mbele ya amri, itaona tu, mathe. Mbona unajisumbua?"

Sasa nikamgeukia. "Kufungua programu kama root ni kuipa ufunguo wa nyumba nzima, wa jikoni mpaka chumba cha kulala, kwa sababu mlango mmoja umekwama. Wewe fundi akija kurekebisha bawaba, unampa na kitanda?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mama mkubwa akapiga makofi. "Mpe kitanda!"

Niliyajua hayo kwa sababu kule Bondo programu ilinikwama vilevile. Linux haiachii programu ya kawaida iguse kifaa chochote kinachochomekwa. Ni tabia njema, si ugonjwa. Mtengenezaji ana faili dogo la kanuni linalosema kifaa hiki, na hiki peke yake, kiruhusiwe. Nikaliweka mahali pake kwa amri moja na nenosiri langu, nikachomoa kifaa, nikachomeka tena. Kikaonekana. Programu ikakikagua, ikasema ni halisi. Mwenye saiba akaondoka bila kuaga. Salamu zake nazisubiri bado.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe, na haikuwa ya kompyuta.

Kifaa kilikuwa kilekile cha zamani, lazima kifutwe ili kizae maneno mapya. Mama mkubwa akauliza kwa nini tusitumie yale ya kwanza, maana anayajua yote kichwani. Nikamwambia hata mwizi anayajua. Kisha nikasema, "Maneno haya mapya hayatasomwa. Nitayaandika mimi, kwa mkono, peke yangu. Hakuna simu, hakuna daftari, hakuna tumesikia."

Katibu akasimama.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Vidole vilevile, na safari hii hata hatuoni. Mimi sikusomea kompyuta, lakini tangu lini kikundi hiki kimefanya kitu kimya? Tutajuaje hujaenda nayo?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa kumjibu kwa ukali, kumwambia kwamba sauti yake ndiyo iliyotumaliza. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo nikiwa nimegeukia ukuta, nikiyasuka ndani ya kila kiti. Lakini nilipofungua mdomo nikaona sina haja nayo. Nikavua ufunguo shingoni. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watatu wa sanduku, na hata waliponisema sokoni hawakuwahi kuninyang'anya ufunguo huo. Ndicho kitu pekee kilichonibakiza kikundini. Nikampa yeye.

"Chukua. Nikishaandika, karatasi inaingia kwenye bahasha, bahasha inaingia kwenye sanduku. Aliyeona maneno hana ufunguo. Wenye funguo hawajaona maneno. Na namba ya siri ya kifaa ataweka mwenyekiti, mimi nikiwa nimefumba macho. Mkitaka, nipekueni nikimaliza."

"Tutakupekua," akasema mwenyekiti.

"Mpaka ndani ya kilemba," akaongeza mama mkubwa.

"Je, na kichwa chake?" akauliza katibu, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Akikariri je?"

"Mimi? Kiingereza? Maneno ishirini na manne? Dada, hata namba ya simu ya mwanangu siijui."

Akacheka kabla hajajizuia.

Simu zote zikakusanywa kwenye karai, zikafunikwa kwa gunia na kupelekwa nje. Mwenyekiti akaweka namba ya siri. Tukageuza kiti kirefu zaidi tulichowahi kusuka, chenye mgongo kama mlango, kikatazama ukuta, nami nikaketi ndani yake na kifaa, karatasi na kalamu. Kwa mwaka mmoja ukuta ule ulikuwa adhabu yangu. Asubuhi ile ulikuwa ofisi. Neno moja moja likatokea kwenye kioo, nikaliandika, nikahesabu, nikalirudia. Nyuma yangu walikuwa wanasuka. Nilisikia mashina yakikatwa, na hakuna aliyechungulia. Kifaa kikaniuliza maneno kunipima, nikajibu kwa vitufe vyake. Kikakubali.

Bahasha ikafungwa kwa gundi. Nikapekuliwa, na sitasimulia zaidi ila mama mkubwa ana vidole baridi.

Kisha nikawaambia jambo lililowatoa jasho. "Sasa tunakiua. Bado hakina kitu ndani. Kama karatasi yangu ina kosa, tujue leo, si siku kitakapokuwa kimejaa." Kwanza programu ikatupa anwani ya kupokelea, katibu akaiandika kwenye daftari. Halafu mwenyekiti akakosea namba ya siri makusudi mara tatu. Kifaa kikajifuta. Mmoja alipiga yowe kama mtu amefiwa. Mwenyekiti akaweka namba ya siri upya, nami nikarudi kwenye kiti, nikafungua bahasha, nikarudisha maneno yote kwa vile vitufe viwili, polepole, mchana ukawa mchana kweli na ugali ukaletwa ukapoa. Nilipotoka bahasha ikafungwa upya ikaingia sandukuni, nikapekuliwa tena, kisha nikaweka kifaa mezani kimeunganishwa, nikaomba anwani.

"Katibu," nikasema, "hii inasomwa. Anwani ni kama jina la kijiji, kila mtu anaruhusiwa kulijua. Isome kwenye daftari, kwa sauti yako yote. Sisi tunaangalia kwenye kioo cha kifaa, si kwenye kompyuta."

Akajifunga leso kiunoni. Akasimama vilevile alivyosimama siku ile ya saiba, kidevu juu, daftari mbele. Akasoma herufi ya kwanza.

"Tumesikia!"

Akasoma ya pili. Wanane wetu tulikuwa tumeinamia kioo kidogo kuliko kiberiti, vichwa vinagongana, na kila herufi ilikuwa palepale alipoisema. Alipofika ya mwisho alifunga daftari, akanitazama mimi, na akasema, "Imetimia, mama." Ni mara ya kwanza kuniita hivyo tangu wizi ule.

Alhamisi mnunuzi alituma kidogo kwanza, kama nilivyomwomba, kisha akatuma zilizobaki. Tulikaa tukizitazama. Muda wa kukaanga samaki mmoja ukapita. Mwenyekiti akakaanga kweli, akatuletea, tukala. Zilikuwepo. Jumamosi zilikuwepo. Nguzo za banda la kukaushia zilisimikwa mwezi uliofuata, na mashina yetu sasa yanakauka mpaka moyoni.

Ufunguo wa sanduku sikurudishiwa, na sikuuomba. Uko shingoni kwa katibu. Wale walionisema sokoni bado wapo, wanapita hapa barabarani, na wengine huja kuniuliza namna ya kuweka hiyo programu. Nawafundisha. Ila nawaanzia na kisa cha wao walivyonisema, chote, na hawaondoki mpaka wakisikie.